Uvimbe wa Ubongo kwa Watoto: Jibu Mtoto Akiwa Bado Mezani



Mtoto akiumwa kichwa kila asubuhi, akatapika bila kuharisha, akayumba anapotembea au macho yakaanza makengeza, wengi hufikiria malaria, minyoo au jicho la mtu. Mara nyingi huwa ni maradhi ya kawaida. Lakini dalili hizo zikidumu au kuzidi, huenda ni uvimbe ndani ya ubongo.

Picha ya kichwa huonyesha uvimbe ulipo, ila haisemi kwa hakika ni wa aina gani. Hata kifua kikuu cha ubongo kinaweza kufanana na saratani. Jibu limo katika seli zenyewe.

Ndiyo maana mtoto akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi, daktari mpasuaji anaweza kutoa kipande kidogo kama punje ya mtama. Mwanapatholojia hukibana kati ya vioo viwili, hukitandaza, hukitia rangi na kukitazama kwa hadubini. Kwa kuwa ubongo ni laini, seli hutandazika vizuri, na jibu hurudi chumba cha upasuaji baada ya dakika chache. Njia hii si ngeni: Louise Eisenhardt na Harvey Cushing waliieleza nchini Marekani mwaka 1930.

Jibu hilo humwongoza mpasuaji. Astrositoma ya pilositiki hukua polepole. Ikiondolewa yote, mtoto anaweza kupona bila tiba nyingine. Jeminoma, uvimbe adimu, hutibika vizuri kwa mionzi, hivyo si lazima kukata zaidi na kuhatarisha macho. Kifua kikuu hutibiwa kwa dawa za miezi mingi.

Hata hivyo, hilo ni jibu la awali. Kipande kingine hupelekwa maabara, na majibu kamili huchukua siku kadhaa. Mzazi ayaulizie na aweke nakala.

Safari huanzia karibu na nyumbani: zahanati, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kitui au Wote. Kutoka huko mtoto anaweza kuelekezwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, au Kijabe, Kaunti ya Kiambu. Bebeni barua ya rufaa, picha zote na stakabadhi za SHA.

Msingoje mtoto ashindwe kusimama. Uvimbe hausubiri mvua wala mavuno.