Mfanyakazi Akiachishwa Kazi kwa Tuhuma za Wizi



Waajiri wengi wa mkoa wetu wa Singida hawana kampuni. Wana kinu cha kukamua alizeti, duka la nafaka, au msaidizi mmoja wa nyumbani. Hata hivyo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inawahusu wote.

Tuchukue mfano. Mwenye kinu anakuta madumu matatu ya mafuta hayapo. Anamfukuza mtunza ghala asubuhi ile ile, anauzuia mshahara wake, kisha anasambaza picha yake katika kundi la WhatsApp na kuiandikia "mwizi". Huenda kijana aliiba kweli. Lakini shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni wa mwajiri. Nayo Tume haitazami sababu peke yake, hutazama na utaratibu.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Tuhuma ziandikwe, mfanyakazi apewe walau saa 48 za kujiandaa, asikilizwe, akiwa na mwenzake wa kumsaidia, uamuzi utolewe kwa maandishi. Wakati wa uchunguzi anaweza kusimamishwa, ila kwa mshahara kamili. (Hapo ndipo waajiri hutukodolea macho.)

Kutoa taarifa polisi ni haki ya mwajiri. Lakini mfanyakazi akishashtakiwa mahakamani kwa kosa lile lile, kifungu cha 37 kinazuia kumwachisha kazi mpaka kesi na rufaa yake ziishe. Wengi hujikwaa hapa, wakidhani hati ya mashtaka ndiyo barua ya kufukuzia.

Mshahara wa siku alizofanya kazi ni wake, hata akiwa mwizi. Hasara haikatwi kiholela: ni lazima kwanza apewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya ujira. Picha ile nayo yaweza kuzaa kesi nyingine, ya kashfa.

Mfanyakazi ana siku 30 za kupeleka lalamiko la kuachishwa kwenye Tume, ambayo yaweza kuamuru arudishwe kazini au alipwe fidia. Kwa hiyo mwenye kinu wetu tunamshauri asingoje wito. Leo hii aiondoe picha, alipe mshahara, atengue barua yake kwa maandishi, kisha amwite kijana asikilizwe.