Mkanda wa Tumbo kwa Aliyeumia Uti wa Mgongo

Aliyeumia uti wa mgongo shingoni au kifuani huweza kupoteza nguvu za misuli ya tumbo, hivyo akiketi tumbo hushuka mbele, na kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, hukosa egemeo. Kikohozi hudhoofika, shinikizo la damu huanguka na kizunguzungu humshika. Mkanda mpana hulishikilia tumbo hilo. Hufungwa mgonjwa akiwa amelala, chini ya mbavu, bila kubana pumzi. Akilala tena, ufunguliwe na ngozi ikaguliwe, hasa katika joto la mji wa Kindu, kwani ngozi isiyohisi haimwambii mwenyewe kwamba imechubuka. Kichwa kikimgonga ghafla na jasho likimtoka, mkanda ulegezwe mara moja, aketishwe wima, apelekwe hospitali.