Baada ya Kisu, Vipimo

Wanaosema upasuaji wa kupunguza tumbo ni njia ya mkato ya wavivu wanakosea. Daktari huondoa takriban asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, pamoja na sehemu inayotoa kwa wingi ghrelini, homoni ya njaa. Hata hivyo kilo zaweza kurudi, na hatari ya kupungukiwa vitamini B12 na madini ya chuma humwandama mgonjwa maishani. Akirudi kwao, tuseme Manga huko Nyamira, kwenye ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, hula vijiko vichache, akianza na yai au maharagwe. Maji huyanywa baadaye. Mtu atauliza: mbona tusishughulikie malaria kwanza, kabla ya unene? Ni hoja nzito, lakini utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 27 ya watu wazima Kenya wamezidi uzito. Kwa hiyo vipimo vya damu vya kila mwaka kwa waliopasuliwa vipatikane Nyamira na Kisii, mgonjwa asilazimike kupanda matatu hadi Nairobi.