Januari Mzazi Atawauliza Daftari



Wahitimu wa ualimu wa elimu ya awali, Januari mtaingia madarasani, na mzazi wa kwanza atawauliza: mwanangu ataanza lini kuandika? Wa jirani ameshajaza daftari! Msimcheke. Anampenda mwanawe, ila ameaminishwa kwamba mchezo ni kupoteza muda.

Mketisheni, mkumbusheni mdako. Kishimo kidogo, kokoto kumi, na moja ya kurusha juu. Kabla ya hiyo kutua mkononi, mtoto ameshazoa zilizomo shimoni. Akirusha tena, anazirudisha zote na kubakiza moja. Duru inayofuata anabakiza mbilimbili, kisha tatutatu. Jicho, vidole na hesabu vimefanya kazi pamoja, na juu yake kuna kungoja zamu, jambo linalotushinda hata sisi watu wazima kwenye foleni ya benki. Aliye chini ya miaka mitatu msimwachie kokoto, zitamkaba. Sufuria na mwiko vinamtosha, majirani watavumilia kelele.

Mzazi akibisha, mpeni habari za Kingston, Jamaika. Miaka ya 1980, wahudumu wa afya ya jamii waliwatembelea watoto waliodumaa katika mitaa ya maskini, saa moja kila wiki kwa miaka miwili. Walicheza nao mbele ya mama zao, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na maboksi. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa takriban asilimia 25. Watoto wengine katika utafiti huo, waliopewa chakula cha nyongeza peke yake, hawakupata faida hiyo ya kudumu.

Hapa kwetu Tanzania, Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto (PJT-MMMAM), na ujifunzaji wa awali umo katika nguzo zake. Lakini programu haichezi na mtoto.

Mama lishe anayechambua maharage usiku hana saa ya ziada, msimdai. Mwambieni amkalishe kando yule wa miaka minne, atenge mazima na mabovu huku wakipiga soga. Baba naye aitwe kikaoni kwa jina lake. Barua ya "mzazi" humwendea mama siku zote.

Mkuu wa Chuo ameshaangalia saa mara mbili, na vyeti viko mezani. Karibuni mvichukue.