Tela Gani Litakufaa?

 

Leo tuzungumze juu ya tela la bapa, yaani lile lisilo na kuta, la kubebea vifaa: plau, pampu ya maji, injini ya kusagia, hata karasha la wachimbaji wa dhahabu. Wengi wetu huuza ng'ombe ili kununua tela. Basi tusinunue kwa macho tu.

Mkulima mmoja ninayemfahamu aliuza ng'ombe watatu, akanunua tela kuukuu la trekta, akalifunga kwa maksai wake wawili. Kiangazi lilikwenda. Mvua zilipoanza, lilizama mbugani likiwa na injini juu yake. Maksai mmoja akavunjika mguu. Msimu ule familia ililima kwa jembe la mkono. Tela halikuwa bovu, ila halikuwa saizi ya maksai wake.

Kwa hiyo jiulize kwanza: nani atavuta? Maksai wawili wenye kilo 300 kila mmoja huweza kuvuta kwa muda mrefu kwa nguvu ya kilo 60 hivi, yaani sehemu moja ya kumi ya uzito wao. Kwenye barabara ngumu iliyo sawa, hiyo hutosha kilo 1,000, tela na mzigo pamoja. Kwenye mchanga wa luseni haifiki hata nusu. Mbuga nyeusi ikilowa, usipite kabisa. Zunguka au subiri ikauke. Maksai wapewe tela jepesi la magurudumu mawili, lenye beringi na matairi mapana ya gari. Gurudumu jembamba la chuma hukata udongo na kuzama.

Wenye pawatila, ambazo zilienea sana baada ya Kilimo Kwanza mwaka 2009, tafuteni tela lenye breki. Katika vilima vya Geita, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka. Tena usibane klachi ya kukatia kona ukiwa mteremkoni, maana pawatila huweza kugeukia upande usioutaka.

Kwa trekta, tela la magurudumu mawili huegemeza sehemu ya uzito kwenye trekta, na matairi ya nyuma hushika ardhi vizuri. La magurudumu manne husimama lenyewe na hubeba zaidi, lakini kurudi nalo nyuma ni kazi. Lifunge kwenye chuma cha kuvutia cha chini. Ukilifunga juu, trekta huinua pua na kumwangukia dereva. Kama tela halina breki, uzito wake na mzigo usizidi uzito wa trekta.

Swali la pili: utabeba nini? Pamba hujaza tela kabla ya kulielemea. Mawe ya dhahabu hulielemea kabla ya kulijaza. Ndugu unayekodisha tela machimboni, usipime kwa kuangalia nafasi iliyobaki. Na tela lililobeba marudio lisibebe mahindi wala mpunga, kwa kuwa marudio huweza kuwa na zebaki, nayo ni sumu.

Kwa vifaa vizito chagua kitanda cha chini. Kikiwa na kimo cha sentimeta 70, mbao za kupandishia ziwe na urefu wa mita 2 na nusu au zaidi, na matairi yawekewe mawe. Mzigo ukae juu ya ekseli, ukielekea mbele kidogo tu. Ukilemea nyuma, nira huinuka na kuwakaba maksai. Ukilemea mbele mno, huwaumiza shingo. Funga kwa minyororo pembe zote nne. Watoto wasipande juu ya mzigo, hata kama safari ni fupi.

Kabla ya kutoa fedha, inua gurudumu moja moja ulitikise. Likicheza, beringi imekwisha. Tazama kama ekseli imepinda, na kama vyuma vina nyufa palipochomelewa, hasa panapofungwa pini. Ukiwa na mashaka, nenda na fundi. Gharama yake ni ndogo kuliko maksai mmoja.