KUHIFADHI MICHE YA MIKEBENI WAKATI WA KIANGAZI
Hotuba kwa wenyeji wa Garissa



Tarehe 13 Novemba 2023 Serikali ya Kenya iliwapa watu wake siku ya mapumziko ili wapande miti. Lilikuwa jambo jema. Lakini hapa Garissa kila mtu ajua ya kuwa kazi kubwa ni kuufikisha mche mwezi wa Aprili ukiwa hai. Mvua za Deyr zikiisha, huingia Jilaal yenye jua kali na upepo mkavu, mpaka mvua za Gu zinyeshe. Tena mwakumbuka ya kuwa tangu mwisho wa 2020 hata 2022 misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo. Kwa hiyo haifai kuumwagia mche maji yanayohitajiwa na watoto na mifugo. Yapasa tuuhifadhi kwa maji machache.

Kwanza tufahamu sababu ya kufa kwake. Mti ulio ardhini hupeleka mizizi chini penye ubaridi, bali mti wa mkebeni hauna njia. Jua lipigapo ubavu wa mkebe, bati hupata moto na mizizi iliyo karibu nalo huungua. Katika nchi za baridi, watu wakuzao miti midogo vyunguni huona shida ile ile kwa njia nyingine: mizizi hugandishwa na barafu. Wengi wao huvifukia vyungu ardhini. Dawa hiyo yatufaa sisi pia, maana udongo huzuia joto kama uzuiavyo baridi.

Basi, fanyeni hivi. Chimbeni shimo upande wa mashariki wa nyumba, ili mpate kivuli cha alasiri. Toboeni mikebe chini, muipange kwa kukaribiana, na kuifukia mpaka ukingoni. Tandazeni majani makavu juu ya udongo. Jengeni kichanja cha makuti ya mkoma kipitishacho mwanga kidogo, kisha zungusheni miiba, kwani mbuzi mmoja aweza kumaliza kazi ya miezi mitatu mara moja. Kila majuma mawili inueni mikebe kidogo, mizizi isije ikapenya chini.

Mwagieni maji alfajiri au baada ya jua kuchwa, polepole, na msirudie mpaka kidole kikitiwa udongoni kikute ukavu. Maji ya udhu hayana sabuni. Yakingeni kwa beseni, msiyaache yapotee. Msitie mbolea wala msihamishe mche wakati wa Jilaal. Mwarobaini ukipukutisha majani, msiutupe upesi: kwaruzeni gome kwa ukucha, na likiwa kijani ndani, mti u hai.

Gu ikikaribia, punguzeni kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua, ndipo mpande ardhi ikiisha kulowa.

Mwenye miche kumi hai mwezi wa Aprili ameifaa nchi kuliko aliyepanda mia ikakauka Februari.