Mpe Mtoto Penseli, Usimshike Mkono

Mazungumzo ya mwalimu wa darasa la kuchora la watoto, yaliyotolewa kwenye hafla yetu ya Sikukuu ya Uhuru

Nyinyi watoto mliokaa hapo mbele mkizitazama sambusa, hamjambo?

Nimepewa dakika kumi, na Mwenyekiti ameshanionya nisizipite kwa sababu pilau imeiva. Nitajitahidi.

Leo tunaadhimisha tarehe 9 Desemba 1961. Katika habari za siku ile kuna jambo moja ambalo hatuwasimulii watoto wetu. Tanganyika ilipopata uhuru, Balozi wake wa kwanza kuletwa London alikuwa mchoraji. Aliitwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alisoma Makerere, akaja kusoma sanaa katika chuo cha Slade hapa London, na akafundisha uchoraji. Alichora mambo ya kwao: migomba, watu wakifanya kazi shambani, watu wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku. Picha hiyo ya mwisho ilinunuliwa na jumba la makumbusho ya sanaa za kisasa la New York. Nchi changa ilipotafuta mtu wa kuisemea mbele ya Mwingereza, haikuona aibu kumtuma mtu wa brashi na rangi.

Nasema hivi kwa sababu wazazi kadhaa wameniuliza, kwa heshima kabisa: "Mwalimu, kuchora huku kutamsaidia nini mwanangu? Si bora saa hizo afanye hesabu?" Ni swali la haki. Wengi wetu humu tumetoka zamu ya usiku tukaja moja kwa moja ukumbini. Hatukuvuka bahari ili watoto wacheze na rangi. Basi naomba nijibu kwa kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa.

Mwanangu alipokuwa na miaka sita alinichorea nyumba ya bibi yake, Tanga. Alikuwa hajawahi kufika. Akaiwekea bomba la moshi juu ya paa na mlango mwekundu wenye namba, kama nyumba za mtaa wetu hapa. Pembeni akachora mnazi, na juu ya mnazi akaweka theluji.

Nikacheka. Kisha nikamchukulia penseli mkononi, nikafuta theluji, nikafuta bomba, nikamchorea paa la bati. Akanitazama, akaondoka zake. Miezi ikapita hajanichorea kitu. Nikimwambia achore, ananijibu, "Chora wewe mama. Wewe ndiye unayejua."

Mimi nilipokuwa darasa la tatu nilichapwa kwa kuchora ndege nyuma ya daftari la hesabu, na niliapa kwamba mtoto wangu sitamfanyia hivyo. Sikumchapa. Lakini kumbe kicheko nacho ni fimbo.

Nilimwomba radhi. Jumapili moja tukampigia bibi yake simu, nikamwambia, "Muulize bibi nyumba yake ikoje." Kiswahili chake wakati ule kilikuwa "shikamoo" na "nimeshiba", basi. Lakini alikuwa na haja ya kujua, akajikokota hivyo hivyo: "Bibi, mlango rangi gani? Nje kuna nini?" Bibi akamwambia kuna baraza, kuna mbuzi wawili, kuna mtungi kivulini. Mtungi hakuujua, akauliza ni kitu gani. Walizungumza nusu saa nzima. Alipomaliza kuchora, baraza lilikuwepo, mbuzi walikuwepo, mtungi ulikuwepo. Na theluji aliirudisha juu ya mnazi kwa makusudi. Alisema bibi naye aione. Picha ile imebandikwa sebuleni Tanga mpaka leo, na kila mgeni huonyeshwa.

Ndugu zangu, watoto wetu wana kazi ambayo sisi hatukuwa nayo. Sisi nyumbani tunakukumbuka. Wao hawana cha kukumbuka, inabidi wakuwaze. Nchi ya wazazi wao wanaijenga kichwani kwa vipande: sauti ya simu, harufu ya sanduku likifunguliwa, maneno yetu tukigombana kuhusu mpira. Tukiwacheka wanapokosea, watatuachia nchi yetu tubaki nayo wenyewe.

Na kuwaza kisichokuwepo si mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria akazungumzia kuwasha mshumaa na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro. Wakati anasema, nchi ilikuwa bado mikononi mwa Mwingereza. Uhuru ulipofika mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha mwenge mpaka kileleni. Lakini kabla ya mwenge kupanda, ilibidi kwanza mtu auone akilini mwake.

Sasa tufanye nini nyumbani? Nina manne tu.

Kwanza, mtoto akikuletea picha, usimuulize "Hiki nini?" kama askari wa forodha. Mwambie, "Nisimulie." Na asimulie kwa Kiswahili, hata kikiwa cha kuvunjikavunjika.

Pili, usimshike mkono wala usimsahihishie. Ukitaka kuchora, chukua karatasi yako ukae kando yake.

Tatu, msiogope gharama. Edward Saidi Tingatinga, kijana wa Tunduru, hakusomea chuo chochote cha sanaa. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya mbao za dari, kwa rangi za kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima wa uchoraji, na familia nyingi zimekula kwa mtindo huo. Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme panatosha.

Nne, tumieni vya kwetu. Darasani tumetengeneza kanga za karatasi. Watoto wamejifunza kwamba kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mihuri tulikata kwa viazi. Kilichowatoa jasho ni jina, maana lazima liwe la Kiswahili na lazima liwe na maana. Binti mmoja alikaa siku mbili akimsumbua baba yake, ndipo akaandika: BIBI NISUBIRI NAKUJA. Baba yake yupo humu ndani. Sitamtaja, lakini aliponiletea ile kanga alikuwa anafuta macho.

Hesabu wafanye, na wafanye sana. Mimi sijaja kugombana na hesabu. Naomba saa mbili tu za Jumamosi.

Picha zao ziko kwenye ukuta nyuma yenu. Mkienda kuchukua pilau, simameni kidogo. Mtafuteni mwenye picha awasimulie. Na nawaombeni sana, asicheke mtu.

Heri ya Sikukuu ya Uhuru.